Kijiko kibogoyo: Didia walivyoupandikiza mtambo meno mapya

MJINI hapa ukisikia mtu kang'olewa jino, akili inakimbilia kwa daktari, sindano ya ganzi na shavu lililovimba kama andazi. Kumbe kuna wagonjwa wengine wa meno ambao hawalii wala hawaombi ganzi. Wakiugua wanatafuna mfuko wa mwenye mali, na wakitibiwa kiholela wanaweza kuondoka na jicho la daktari wao. Nazungumzia kijiko. Siyo kile cha kukorogea chai, mpenzi msomaji. Ni ule mtambo wa njano wenye mkono mrefu, ambao wenye vitabu wanauita ekskaveta, na ambao wengi wetu tukiupita barabarani tunaishia kuutumbulia macho na kulaani vumbi lake.

Nilimwona mgonjwa wa aina hiyo huko Didia. Kwa wale ambao ramani yao ya nchi inaishia Ubungo, Didia iko kwenye lami inayotoka Shinyanga mjini kwenda Tinde, pale njia inapogawanyika, moja ikielekea Nzega na nyingine Isaka na Kahama. Ukanda huo wote watu wanakula kwa kuchimba. Mwadui wanachimba almasi tangu Dakta John Williamson alipoigundua mwaka 1940. Geita mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza kazi mwaka 2000. Reli ya kisasa ya kutoka Mwanza hadi Isaka, kilometa 341, iliwekewa jiwe la msingi Juni 2021, na udongo wa tuta lake haukubebwa kwa karai. Ukiacha hao wakubwa, wapo watu binafsi wenye kijiko kimoja cha kukodisha kwa saa: leo kifusi cha barabara, kesho msingi wa ghorofa, keshokutwa lambo la kunyweshea ng'ombe.

Mshikaji wangu mmoja niliyesoma naye ni wa kundi hilo la mwisho. Mtambo wake ni wa daraja la tani 20, una mkopo mgongoni, na alikuwa amepata dili la kuchimba lambo. Mkataba ulisema wazi: kazi iishe kabla mvua hazijaanza. Na Usukumani mvua haziangalii mkataba wa mtu. Zikishuka, mbuga inageuka ugali na kijiko kinazama hadi tumboni.

ARDHI YENYE MENO KULIKO KIJIKO

Wazee wa Kisukuma wanaijua ardhi yao kwa majina. Luseni ni ule udongo wa kichanga. Mbuga ni ule mweusi unaong'ang'ania kiatu kama mdeni wako. Itogolo ni ile ardhi ngumu ambayo jembe likigonga linarudi. Kwa meno ya kijiko mbuga haina kasheshe sana, inanata tu. Kasheshe ni mchanga na mawe. Ndani ya mchanga na miamba ya huko kuna kwazi, jiwe lile jeupe ambalo wachimbaji wa dhahabu wanalipenda kwa sababu dhahabu hupenda kulala humo. Kwenye kipimo cha ugumu wa madini kinachoishia 10, kwazi iko 7, na chuma cha kawaida hakifiki hapo. Kwa hiyo kila kijiko kinapochota, ardhi nayo inakitafuna.

Wenye akili waliliona tatizo hilo zamani. Mmarekani William Otis alipewa hataza ya mtambo wa kuchimba kwa nguvu za mvuke mwaka 1839, na kwa bahati mbaya akafariki mwaka huo huo, kijana wa miaka 26. Mwaka 1882 Mwingereza Robert Hadfield wa Sheffield, naye hajafikisha hata miaka 25, akapata chuma chenye manganizi nyingi, ambacho kadiri kinavyogongwa ndivyo uso wake unavyozidi kuwa mgumu. Chuma hicho kikatumika kwenye meno ya mitambo. Siku hizi meno mengi ya ekskaveta yanatengenezwa kwa vyuma vya mchanganyiko mwingine vilivyokomazwa kwa moto, lakini shabaha ni ile ile: jino life, ndoo ipone.

KOFIA NA KICHWA

Hapa nakuomba utulie kidogo, maana wengi ndipo wanapoliwa hela. Kile unachokiona mbele ya ndoo ya kijiko siyo kitu kimoja, ni viwili. Cha nje, chenye ncha, ndiyo jino lenyewe, nalo ni kama kofia. Ndani yake kuna kichwa kilichovikwa kofia hiyo. Mafundi wengi wanakiita adapta, mimi nitakiita shina. Shina lina pua ya kuvalia jino, na nyuma lina miguu miwili inayoubana mdomo wa ndoo, mmoja juu na mmoja chini, kisha linachomelewa hapo lisitoke. Jino linashikwa kwenye shina kwa pini na loki yake. Kuna pini zinazoingilia ubavuni na kuna zinazoshuka kutoka juu, inategemea kiwanda.

Jino limeumbwa life. Likiisha unagonga pini, unavua, unavika jipya, kazi inaendelea. Shina limeumbwa lizike meno mengi kabla halijazikwa lenyewe. Sasa mwenye mtambo akifanya ubahili na kuliacha jino mpaka litoboke, mwamba unaanza kula pua ya shina. Hapo ndipo bahili anapoanza kulipa mara mbili.

Mshikaji wangu alikuwa amefika huko. Ndoo yake ina meno matano. La pembeni kushoto lilikuwa limedondoka kitambo na shina likaendelea kuchimba likiwa uchi. La jirani yake lilikuwa limetoboka unaona ndani. Dereva alishalalamika kwamba mtambo unasukuma badala ya kukata, unanguruma kutwa nzima na dizeli inakwisha kama maji ya kunawa. Bosi akanunua meno matano mapya na kumwita fundi kutoka Shinyanga mjini, akiamini ni kazi ya nusu saa.

"KOFIA YA BABU HAIMKAI MTOTO"

Fundi alifika saa tatu asubuhi, mtu mzima wa makamo, kofia ya pama na mikono yenye alama za cheche. Akawasalimu kina mama wanaouza uji pale kivulini, "Mwangaluka, bamayu," akaitikiwa. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye ndoo. Hakushika nyundo. Alichukua jino moja jipya, akalivika kwenye lile shina la pembeni, akalishika kwa mikono miwili na kulitikisa. Likacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

"Bosi, hapa hakuna kazi ya meno. Hapa kuna kazi ya mashina mawili," alisema.

"Aah, fundi, nipachikie tu hayo meno. Mashina tutayaona mwaka kesho, Mungu akipenda."

"Kofia ya babu haimkai mtoto, bosi. Itacheza. Ikicheza inakata pini, pini ikikatika jino unaliacha chini ya lambo."

"Basi lichomelee juu ya shina lisicheze!"

Msomaji, hilo la kuchomelea jino juu ya shina ni dawa ya mtaani inayopendwa kweli kweli, na nilitegemea fundi akubali apate hela yake ya chapuchapu. Hakukubali. Akachuchumaa akachora kwa kijiti mchangani.

"Nikilichomelea, bosi wangu, leo utafurahi. Likiisha utalitoa na nini? Itabidi likatwe kwa moto, na moto huo utakula shina, na anayekata akiteleza mkono atakula mdomo wa ndoo. Na jino hili limekomazwa kiwandani kwa joto maalumu. Ukilichoma ovyo linalegea hapa, linapasuka pale. Utakuwa umenunua jino jipya na kulifanya bovu siku hiyo hiyo."

Bosi akatazama mawingu, akatazama saa, akatazama wale kina mama kama vile wao ndio waamuzi. Siku nzima bila kuchimba ni siku nzima bila malipo, na benki haijui habari za mashina. Mimi nilimwelewa. Lakini jino likidondoka kwenye kazi ya mawe hasara haiishii kwenye jino. Kwenye machimbo, jino lililodondoka likizolewa na mawe hadi kwenye karasha linaweza kuikwamisha au kuivunja, na kuna watu duniani wameumia wakijaribu kulinasua. Ndiyo maana migodi mikubwa inafunga hata kamera za kuangalia kama meno yote yako mdomoni.

Hatimaye akatoa simu na kuagiza mashina mawili mjini. Yalifika na pikipiki, yamefungwa kwenye gunia, na kijana wa bodaboda akiapa kwamba harudii tena mzigo wa namna ile.

UFUNGUO MFUKONI

Wakati tunasubiri, fundi alianza maandalizi, na hapa ndipo nilipojifunza kwamba ufundi ni adabu kabla ya kuwa nguvu. Kwanza mtambo ukahamishiwa kwenye ardhi tambarare na ngumu. Ndoo ikashushwa ikalala juu ya magogo, meno yakitazama mbele. Haikuachwa ikining'inia hewani, maana mkono wa kijiko unashikiliwa na mafuta yenye presha, na bomba likipasuka ndoo inashuka bila kupiga honi. Injini ikazimwa, dereva akavuta usukani huku na huku kuondoa presha iliyobaki, akafunga lile wenzo la usalama. Kisha fundi akanyoosha mkono kuomba ufunguo, akautia mfukoni mwake.

"Anayeweka mikono kwenye ndoo ndiye anayekaa na ufunguo," alisema. "Siyo dereva, siyo bosi."

Akatenganisha pia nyaya za betri, kwa sababu mitambo ya siku hizi ina kompyuta ndani, na umeme wa kuchomelea ukipotea njia unaweza kuiunguza. Waya wa ethi akaubana kwenye ndoo yenyewe, karibu na kazi. Ukiubana kwenye mkono wa mtambo, umeme unapita kwenye pini na bushi na kuzitoboatoboa kidogo kidogo.

Likaja suala la kugonga pini za yale meno yaliyobaki. Palikuwa na deiwaka mmoja, kijana wa pale pale, ambaye tayari alikuwa ameinua nyundo nzito begani kama shujaa wa sinema. Fundi akamzuia.

"Macho yako yako wapi, mwanangu?"

Kijana akacheka. "Si haya hapa, mzee."

"Hayo ni ya nyama. Nakuuliza ya plastiki."

Akamvisha miwani ya kukinga, akatufukuza sisi watazamaji hatua kadhaa nyuma. Kisha akatusimulia, bila kutaja jina, kijana aliyefanya naye kazi upande wa Geita. Pini ni chuma kilichokomazwa, nyundo nayo ni chuma kilichokomazwa. Vikikutana kwa nguvu, kipande kidogo kama punje ya mtama kinaweza kuruka kwa kasi ya risasi. Kijana yule aliona kama mdudu kaingia jichoni. Alifikicha, akaendelea na kazi, hospitali akaenda kesho yake. Jicho halikuokoka. Leo anauza vocha, na kila akitaka kuvuka barabara anageuza shingo nzima.

Nilimtazama yule deiwaka. Tabasamu lilikuwa limekwisha. Alirekebisha miwani mara mbili, ndipo akagonga.

(Na wewe unayesema pini ni ngumu sana bila nyundo: siku hizi kuna mifumo ambayo loki inafunguliwa kwa spana tu. Ukinunua ndoo mpya, uliza.)

MOTO, LAKINI KWA HESABU

Mashina ya zamani hayang'olewi kwa hasira. Fundi alipima kwanza umbali kati ya shina na shina, akaweka alama kwa chaki, maana ukishakata alama zinakwenda na moto. Kisha akakata ule mshono wa zamani kwa gesi, taratibu, akiacha kamba nyembamba ya chuma juu ya mdomo wa ndoo na kuimalizia kwa grainda. Mdomo wa ndoo ukipata jeraha, shina jipya halitakaa sawa na ufa utaanzia hapo hapo. Alipomaliza alipuliza dawa nyekundu, akaifuta, akapuliza nyeupe. Palipo na ufa ile nyekundu inajitokeza kama lipstiki. Palikuwa pasafi, bosi akashusha pumzi.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba kabla ya kuchomelea alianza kwa kupasha moto. Chuma kinene kikiwa baridi kinanyonya joto la mshono haraka, na mshono uliopoa ghafla unakuwa mgumu na mkavu kama biskuti. Kwa mashina mengi viwanda vinataka joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi au zaidi, kutegemea chuma chenyewe na unene wake. Alikuwa na chaki maalumu inayoyeyuka joto likifika, siyo kutema mate na kusikiliza yanavyochemka.

Vijiti vyake vya kuchomelea vilikuwa aina ya 7018, na alivitunza kwenye kopo lenye mfuniko kama mtu anavyotunza sambusa. Huko kwenye karakana yake, alisema, anavilaza ndani ya friji bovu lenye balbu inayowaka kutwa kucha. Kijiti kikipata unyevu kinaingiza haidrojeni kwenye mshono, na ufa wake ni mnafiki: leo mshono unang'aa, kesho au keshokutwa unapasuka wenyewe bila kuguswa.

Alichomelea kwa mistari myembamba, akigonga gamba na kupiga brashi kila mstari, mara juu mara chini, mara shina hili mara lile, ili joto lisivutie upande mmoja na kuupinda mdomo. Na kila alipokaribia ukingo wa mbele kabisa wa ndoo alisimama kabla ya kufika. Nilidhani kachoka. Kumbe ukingo ule ndiyo unaobeba mateso yote ya kuchimba, na mshono ukiishia pale unaukaribisha ufa.

Uso wake aliufunika kwa ngao kamili, siyo ile miwani ya jua ya kuuzia sura ambayo mafundi wetu wengi mitaani wanaivaa. Ukitaka kujua tofauti yake, usubiri usiku. Macho yaliyopigwa na mwanga wa kuchomelea yanaanza kuwasha saa kadhaa baadaye, kama yametiwa mchanga na pilipili kwa pamoja.

Saa kumi na moja jioni mshono wa mwisho ulifungwa. Yule deiwaka, kwa nia njema kabisa, akaja mbio na ndoo ya maji apooze ili wavike meno. Fundi alipiga ukelele ambao ng'ombe waliokuwa wakipita waligeuka. Badala ya maji akafunika mashina kwa majivu makavu na magunia, yapoe yenyewe usiku kucha. Bosi alilala ndani ya gari akiwaza mvua.

ASUBUHI YAKE

Asubuhi walivika meno matano mapya na pini mpya. Fundi akalitikisa kila moja kwa mikono miwili, hakuna lililocheza. Akamwachia dereva agizo: meno ya pembeni yanakwisha haraka kuliko ya katikati, kwa hiyo yabadilishane nafasi kabla hayajafika mbali, na yale yanayokubali kugeuzwa juu chini yageuzwe. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, hesabu meno. Ukiona jino limekwisha karibu na kutoboka, usisubiri kikao. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mtambo ukawashwa. Sikuhitaji kuwa fundi kusikia tofauti. Ulishusha mkono, meno yakazama kwenye itogolo bila ule mngurumo wa kulalamika, na ndoo ikapanda imejaa. Mkononi mwa bosi mlikuwa na siku moja pungufu na mashina mawili zaidi kwenye hesabu. Lambo liliwahi mvua, nimeambiwa kwa simu, na ng'ombe hawana habari za nani alitaka kuchomelea nini.

Kijana mwenzangu unayezunguka na bahasha ya vyeti, nakuuma sikio. Ukanda huu una mitambo mingi, na watu wanaojua kuitibu kwa hesabu hawatoshi kwa jinsi nilivyoona yule mzee anavyopigiwa simu. VETA wanafundisha uchomeleaji na ufundi wa mitambo, na ile ya Moshi imewahi kuandaa mafundi wa migodini kwa kushirikiana na migodi yenyewe. Na wewe deiwaka ambaye tayari uko kazini: sheria ya usalama mahali pa kazi ipo tangu mwaka 2003, na vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri, siyo zawadi. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi nao ulianza kazi mwaka 2015, na mchango wake unalipwa na mwajiri, haukatwi kwenye ujira wako. Uliza kabla hujanyanyua nyundo, maana baada ya hapo unauliza ukiwa umeshika jicho.

Yule kijana wa Didia, kwa taarifa yenu, aliondoka na ile miwani. Fundi alimdai, akasema ameisahau nyumbani. Mzee akacheka, akamwachia.